Maisha ya Bwana Mizani, Aliyesoma Neno Moja kwa Hofu

Ndugu, majirani na marafiki mliofika leo kumsindikiza, wengi wenu mlimfahamu marehemu kwa jina la Bwana Mizani, na mliamini kwamba kwa miaka kumi na mitano kazi yake ilikuwa kukagua mizani za maduka. Familia yake pia iliamini hivyo. Haikuwa kweli. Wasifu huu, kwa idhini ya maandishi ya ofisi yake, unaeleza kazi aliyoifanya, na unatimiza jambo moja aliloomba litimizwe mbele ya watu kabla ya kuzikwa.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumapili, tarehe 9 Machi 1958, saa mbili asubuhi, akiwa mtoto wa nne kati ya sita. Alizaliwa katika chumba cha nyuma cha karakana ya useremala ya baba yake, kwa sababu mvua ya usiku kucha ilikuwa imefunga njia ya kwenda zahanati. Mkunga alimlaza kwenye shuka iliyotandikwa juu ya maranda ya mbao, na mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyo alinuka mbao mpya hadi alipofikisha miezi mitatu. Karakana ile ndiyo iliyokuwa shule yake ya kwanza ya lugha. Kijana yeyote wa kazi alipounganisha kiti haraka haraka ili awahi kwenda kwao, mzee alikitikisa kiti kile mara moja tu, kisha akasema, "Hiki umekilipua. Vunja, anza upya." Wapo walio hapa leo waliojifunza kazi katika karakana hiyo na wanaikumbuka sauti ile. Tunawaomba walihifadhi neno hilo kidogo, kwani litarudi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, na sekondari kuanzia 1973 hadi 1976. Alipokuwa darasa la sita alichukua kalamu akasahihisha makosa mawili katika tangazo lililobandikwa mlangoni kwa mwalimu mkuu. Alichapwa viboko viwili, kimoja kwa kila kosa, lakini tangazo liliachwa kama alivyolisahihisha. Mwaka 1977 alijiunga na chuo cha uchapaji na kupata cheti chake Novemba 1978. Mwezi wa Januari uliofuata aliajiriwa na gazeti la kila siku kama msahihishaji, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na minne katika chumba kisicho na dirisha, nyuma ya mtambo, akiwa na kalamu nyekundu na rula ya bati aliyoitelezesha chini ya kila mstari ili jicho lisiruke.

Ndoa yake ilitokana na kosa la gazeti. Mwezi wa Mei 1985, mwalimu kijana wa hesabu alipoteza mkoba wake, akalipia tangazo. Tangazo likatoka hivi: "Umepotea mkwe wa ngozi nyeusi, mwenye zipu mbili." Asubuhi hiyo hiyo mwalimu alifika gazetini, akapanda ngazi bila kumsalimu bawabu, akaliweka gazeti juu ya meza ya marehemu.

"Nani kasoma hili?"

"Ni mimi, dada. Naomba radhi."

"Mimi nimepoteza mkoba, nyinyi mnanitafutia mkwe! Mama yangu tangu asubuhi anacheka hajanywa hata chai."

"Kesho tutalirudia bure."

"Mkwe au mkoba?"

Marehemu alisimulia kwamba alilifikiria swali hilo kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Desemba 1985. Mkoba haujapatikana hadi leo. Mama mkwe, Mungu amrehemu, alikata kipande kile cha gazeti akakiweka kwenye fremu, na kila mgeni alipouliza habari za mkwewe alijibu, "Huyu? Huyu tulimtangaza, ndipo akapatikana." Mungu aliwajalia wanandoa hao watoto watatu.

Tarehe 1 Septemba 2003 marehemu aliacha kazi ya gazeti. Nyumbani alisema amepata nafasi katika Ofisi ya Vipimo, idara ya ukaguzi. Kwa kweli alikuwa ameingia katika kitengo cha serikali cha watu kumi na mmoja, ghorofa ya tatu ya jengo ambalo hatutalitaja, ambacho kazi yake ilikuwa kufuatilia pesa zinazotumwa kwa watu wanaopanga kuua wengine. Wenzake wengi walikuwa watu wa benki na watu wa kompyuta. Yeye aliletwa kwa ajili ya maneno. Mtu akimtumia mwenzake pesa, mara nyingi huandika ujumbe mfupi wa kuzisindikiza: za ada, za mgonjwa, za ile kazi yetu. Kompyuta za kitengo ziliokota jumbe zenye maneno ya kutia shaka, na marehemu alizisoma na kusema mwandishi alimaanisha nini. Aliendelea kutumia rula yake ya bati. Ofisi imeturuhusu kusema kwamba usomaji wake uliokoa maisha ya watu zaidi ya mara moja, na kwamba watu hao hawajui. Sentensi iliyokuwa ikifuata hapa imeondolewa kwa ombi la ofisi hiyo. Marehemu angependa ijulikane kwamba ilikuwa na koma mbili na zote zilikuwa mahali pake.

Siri hiyo haikuwa nyepesi kubeba, na kwa upande mwingine ilikuwa na vichekesho vyake. Mtaa mzima ulimwogopa. Akiingia buchani, mwenye bucha alifuta mizani kwa kitambaa safi.

"Bwana Mizani, karibu. Leo tuko sawa?"

"Ndugu yangu, mimi leo niko mapumziko. Nipe kilo moja tu."

"Hata ukiwa mapumziko macho si unayo?" Na hapo hapo aliongeza kipande.

Marehemu alipofika nyumbani, akagundua nyama imezidi, alikirudisha kipande kile. Mwenye bucha, aliyepo hapa leo, aliamini kwa miaka yote hiyo kwamba anajaribiwa, na ndiyo maana nyama ya mtaa huu inapimwa kwa haki kuliko mahali pengine popote tunapopajua. Safari moja mkewe alimkabidhi mizani ya jikoni akaikague kazini. Siku tatu baadaye aliirudisha ikiwa na kibandiko halali cha serikali. Mwezi huu tu ndipo alipokiri kwamba alikwenda katika ofisi halisi ya vipimo, akapanga foleni nyuma ya wauza mchele, akalipa kama raia yeyote. "Mwalimu," alimwambia mkewe, ambaye hakuacha kumwita hivyo tangu siku ile ya mkoba, "foleni ilikuwa ndefu, lakini ile ndiyo siku pekee ambayo sikukudanganya nilikokuwa."

Watoto wake wanakumbuka sheria moja ya nyumba ambayo hawakuielewa. Kuanzia mwaka 2009, neno "kulipua" lilipigwa marufuku. Mtoto angeweza kusema kazi ya shule ameiharakisha, ameibabaisha, ameifanya ovyo, lakini akianza kusema ameilipua, baba yao aliinuka mezani na kwenda kusimama uani. Walidhani anachukia uvivu. Binti yake wa pili, aliyesomea ushonaji katika chuo cha ufundi, alipopeleka nyumbani sketi yake ya kwanza yenye pindo lililopinda, ndugu zake walimwimbia neno hilo kwa kuliminya midomoni bila kulitamka. Marehemu alilitazama pindo kwa muda, akasema tu, "Lifumue. Nitakaa na wewe." Akakaa naye hadi likaisha.

Sababu ya marufuku hiyo ndiyo sehemu ya wasifu huu ambayo marehemu alituachia maelezo yake kwa mkono wake mwenyewe, na aliagiza isomwe polepole.

Jumatatu, tarehe 1 Juni 2009, fundi cherehani mmoja wa mji huu alimtumia mdogo wake pesa za kununulia vitambaa. Ndugu hao wawili walikuwa wamepata kazi kubwa kuliko zote walizowahi kupata, sare za wanafunzi mia moja na ishirini, na muda ulikuwa umewabana. Fundi akaandika: "Nunua vyote leo. Shule tutailipua Alhamisi." Kila fundi aliyepo hapa amekwisha kuelewa. Alimaanisha kwamba kazi ya shule wataimaliza haraka haraka siku ya Alhamisi, hata kama haitakuwa nzuri sana. Kompyuta haikuelewa hivyo. Iliona neno shule, ikaona neno la mabomu, ikaona siku.

Ujumbe ule uliletwa kwenye meza ya marehemu Jumanne. Wiki moja kabla, kitengo kilikuwa kimepokea onyo kuhusu shule. Marehemu aliusoma mara moja, akasikia sauti ya baba yake karakanani. Akausoma mara ya pili, akawafikiria watoto. Mkuu wa kitengo alimuuliza, "Ni la fundi au ni la bomu?" Marehemu aliandika: "Maana ya hatari haiwezi kuondolewa." Haya ndiyo maneno yake ya mwisho katika karatasi aliyotuachia: "Haikuwa kosa la kutojua. Nilijua. Niliogopa, nikaiita hofu yangu uangalifu."

Fundi na mdogo wake walikamatwa Jumatano mbele ya wateja wao. Walishikiliwa siku kumi na tisa. Pesa zao zilizuiliwa miezi kumi na minne. Shule ilipeleka kazi ya sare kwa watu wengine. Mdogo mtu hakurudi tena kwenye cherehani. Na ingawa waliachiwa bila shitaka, hakuna aliyesimama hadharani kusema kwamba hawakuwa na kosa, kwa hiyo kwa miaka kumi na mitano wapo watu waliopita mbele ya kibanda cha fundi yule wakishusha sauti.

Marehemu aliomba anayesoma anyamaze kidogo hapa, kisha aseme sentensi ifuatayo kwa sauti ya kusikika hadi nyuma: Fundi hakuwa na kosa, mdogo wake hakuwa na kosa, na walioandika vinginevyo walikosea, wa kwanza wao akiwa marehemu.

Pesa zilipoachiliwa, Agosti 2010, marehemu alinunua kitambaa cha kijivu akaenda kwenye kibanda cha fundi. Kiapo cha kazi kilimkataza kusema lolote, hivyo alisema anataka suruali. Baada ya miezi mitatu alirudi na kitambaa kingine, cha kijivu pia, kwani alipofika dukani hakuwa na nafasi moyoni ya kuchagua rangi. Akaendelea hivyo. Alipimwa, akalipa zaidi, akakataa chenji, akaondoka na maneno yake bila kuyasema. Fundi alikuwa mtu wa utani.

"Mzee, samahani kuuliza. Miguu yako ni hii miwili tu, au kuna mingine umeiacha nyumbani?"

"Ni hii tu, Fundi."

"Basi inatembea sana."

Suruali zile zilifika hamsini na sita. Zilimzidi, akazigawa. Mashemeji, wakwe, muuza magazeti na bawabu wa zahanati walio katika umati huu wakitazama walichovaa, huenda wakaelewa sasa. Binti yake wa pili alipomaliza chuo mwaka 2017, alimpeleka kwa fundi huyo kujifunza kazi, akisema, "Huyu hana haraka." Binti alikaa pale miaka miwili, akashika cherehani iliyo karibu na mlango, bila kujua kwamba alikuwa amekaa mahali pa mdogo wa fundi.

Alistaafu tarehe 9 Machi 2018. Siku hiyo hiyo aliandika barua ya kuomba ruhusa ya kumweleza fundi ukweli. Ilikataliwa. Aliandika tena mwaka 2021, na haikujibiwa.

Ugonjwa wake uligunduliwa kwa futi ya kupimia nguo. Mwezi wa Februari 2023 fundi alimzungushia futi kiunoni, akairudia, kisha akainama akambonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba. "Mzee, juu umepungua inchi mbili, chini umejaa. Suruali hii sishoni mpaka uende hospitali." Daktari alikuta moyo umepanuka. Alitibiwa kwa uangalifu mkubwa, na familia inawashukuru wauguzi wa wodi ya pili, hasa yule aliyekubali kusahihishiwa tangazo la saa za kuwaona wagonjwa. Mwezi wa Julai mwaka huu, 2024, aliporudishwa nyumbani, aliandika barua ya tatu akiwa kitandani. Hakuomba hisani. Aliandika kwamba daktari amempa wiki chache na kwamba hataki kuzitumia kudanganya.

Ruhusa ilifika Alhamisi, tarehe 12 Septemba. Jioni ya siku hiyo alimweleza mkewe yote. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Miaka ishirini na moja nawaambia watu mume wangu anapima kilo." Kisha akamshika mkono, akamuuliza ni lini fundi ataitwa.

Fundi alikuja Jumamosi alasiri, akiwa na suruali ya hamsini na saba, iliyobaki pindo tu. Marehemu alikuwa ameomba akalishwe kitini na avishwe shati.

"Kaa, Fundi."

"Nakaa, Mzee. Hii nakujaribishia urefu tu, kesho nakuletea."

"Iache kwanza. Ule ujumbe wako wa mwaka 2009, wa shule na Alhamisi. Niliusoma mimi."

Fundi alikunja suruali mara mbili juu ya magoti yake. "Uliusoma wapi?"

"Kazini. Niliulizwa maana yake."

"Na wewe hukuijua?"

"Niliijua. Baba yangu alikuwa seremala. Nisamehe."

Fundi aliikunjua tena suruali. Mwishowe aliuliza, "Kwa hiyo hizi zote hamsini na ngapi sijui, zilikuwa nini? Fidia?"

"Sikujua namna nyingine ya kuja kukuona."

Fundi alisimama, akaichukua suruali yake, akamwambia Mwalimu, "Mama, niwie radhi," akatoka bila kuaga zaidi.

Siku tatu zilizofuata marehemu aliuliza kila alipoamka kama fundi amekuja. Alikuwa hajibiwi "hapana", alijibiwa "bado". Jumanne asubuhi, tarehe 17 Septemba, aliuliza kama suruali imeletwa.

"Bado, Baba," binti yake wa pili alimjibu.

"Basi mwambieni asiharakishe."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho. Alifariki saa nne na dakika kumi, dirisha likiwa wazi, mkewe akiwa amemshika mkono ule wa kalamu.

Wasifu huu ulitakiwa kufika kwa mchapaji Alhamisi asubuhi. Haukupelekwa, kwa sababu haukuwa na mwisho. Alhamisi saa kumi alasiri fundi alibisha hodi. Aliiweka suruali mezani, imepigwa pasi, akamgeuzia binti pindo ili alikague kama alivyomfundisha. Lilikuwa limeshonwa kwa mkono lote, mishono midogo isiyoonekana kwa nje, kazi ya siku nzima kwa kila mguu. Binti alilipitisha vidoleni, hakupata kasoro. Alimwomba ruhusa ya kumwandika katika wasifu huu, akamuuliza aandike nini.

"Andika kwamba nilikasirika," fundi alisema. "Usiifiche hiyo. Na bado sijaimaliza hasira yangu, mdogo wangu naye ana yake. Andika pia kwamba suruali niliimaliza." Akaielekea picha ya marehemu iliyokuwa ukutani, akaongeza, "Na hii, Mzee, sikuilipua."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa neno hilo kusikika ndani ya nyumba ile kwa miaka kumi na mitano. Mwalimu alicheka, kisha akalia, na hakuna aliyekwenda kusimama uani.

Marehemu amelala leo akiwa amevaa suruali hiyo. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, dada wawili, na rula moja ya bati. Ameacha pia fundi wake, ambaye alipoulizwa aandikwe wapi, alisema aandikwe mwisho, baada ya ndugu, lakini aandikwe.

Apumzike sasa. Hakuna tena wa kumharakisha.